Interstellar Overdrive ya Pink Floyd: wimbo mmoja usio na maneno, na kila kanda ina sura yake (uzi mrefu)

Besi_Nyuzi4 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna wimbo nimekuwa nao tangu nilipoanza kushika besi, na kila nikidhani nimeumaliza inatokea kanda nyingine inanirudisha mwanzo. Unaitwa "Interstellar Overdrive", wa Pink Floyd. Hauna neno hata moja la kuimbwa. Kwenye albamu yao ya kwanza, *The Piper at the Gates of Dawn* ya Agosti 1967, ndio unaofungua upande wa pili wa sahani, na unakwenda dakika 9 na sekunde 41. Wengi waliousikia wameusikia hapo, na wengi wao wameuruka wakakimbilia nyimbo fupi zinazoufuata.

Naleta uzi huu kwa sababu naamini ile ya albamu inawapotosha watu. Ni nzuri, naipenda, lakini ukiisikia peke yake utadhani huo ndio wimbo, kumbe ni usiku mmoja tu katika maisha yake ya miaka minne hivi. Kuna rekodi za kabla yake na nyingi za baada yake, na ukizipanga kwa tarehe unasikia bendi nzima inabadilika mbele yako. Nitakwenda polepole. Mwenye swali aulize, mwenye kanda aseme anayo ipi.

Tuanze na rifu, yaani ule mlio wa gitaa unaofungua wimbo na kuufunga. Unashuka ngazi, nusu toni kwa nusu toni, kisha unatua kwenye noti ya E. Hata mtoto anaweza kuushika kwa dakika tano. Ulikotoka ni kisa cha kupendeza. Mwaka 1966 Peter Jenner, mhadhiri wa London School of Economics aliyekuwa mmoja wa mameneja wa bendi, alitaka kumweleza Syd Barrett, mpiga gitaa wa bendi, wimbo mmoja uliopigwa na bendi ya Love ya Los Angeles. Jina halikumjia, akaanza kuuimba kwa kuguna. Wimbo wenyewe ulikuwa "My Little Red Book", utunzi wa Burt Bacharach na Hal David. Syd akashika gitaa akaufuata mguno ule, ukageuka mikononi mwake ukawa kitu kingine kabisa. Roger Waters, mpiga besi, naye akasema unamkumbusha muziki wa kufungulia *Steptoe and Son*, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya BBC.

Kwa hiyo wimbo huu ulizaliwa kwa kusikia vibaya. Mtu alikosea kuimba, mwingine akapiga alichosikia. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu ndivyo walivyoendelea kuupiga: kila mmoja anasikiliza mwenzake na kujibu, bila karatasi mbele.

---

Mzee wa Santuri

Nimekaa hapa, sitoki. Endelea mkuu. Ninayo albamu ile ya mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia, nitachangia ukifika huko.

---

Besi_Nyuzi4

Shikamoo mzee, tutafika huko, na hiyo mono yako nitaihitaji sana.

Sasa mahali. Waters, Nick Mason wa ngoma na Richard Wright wa kinanda walikutana wakisomea usanifu wa majengo Regent Street Polytechnic, London. Syd alitoka Cambridge akaenda kusomea uchoraji Camberwell. Wasanifu watatu na mchoraji mmoja, hiyo ndiyo timu. Mwishoni mwa 1966 walikuwa wakipiga kwenye ukumbi wa kanisa la All Saints, Notting Hill, huku taa za rangi na slaidi zenye vimiminika zikiwamwagikia usoni. Kisha tarehe 23 Desemba 1966 Joe Boyd, Mmarekani, na John Hopkins wakafungua klabu ya UFO ndani ya Blarney Club, ukumbi wa dansi wa Waayalandi pale Tottenham Court Road. Usiku wa Ijumaa watu walikuwa wakiingia na kukaa mpaka alfajiri.

Hilo la alfajiri ni muhimu kwa wimbo huu. Ukumbi wa kawaida ulikupa dakika chache, ukapiga nyimbo zako zinazojulikana, ukashuka. UFO walikuwa na usiku mzima. Watu wamelala sakafuni, wengine wanacheza macho yamefumbwa, hakuna anayedai wimbo wa redio. Rifu ilipigwa mara chache pale mwanzo, halafu bendi nzima ikaiacha na kuingia porini. Hakuna kodi (chords) za kufuata, hakuna mzunguko wa vipimo 12 kama wa bluzi, hakuna zamu ya solo. Ngoma na besi zinashika mwendo, gitaa na kinanda vinatafutana. Wakihisi wamefika, mmoja anarudi kwenye ule mshuko wa ngazi, wenzake wanaudaka, wimbo unafungwa.

Syd hakuwa mpigaji hodari wa vidole vya haraka. Alikuwa na gitaa la Fender Esquire alilolibandika vioo vya mviringo, alikuwa na mashine ya mwangwi ya Binson Echorec, na kiberiti cha chuma cha Zippo alichokuwa akikisugua juu ya nyuzi. Alikuwa amemsikiliza Keith Rowe wa kundi la AMM, aliyelaza gitaa mezani na kuligusa kwa vitu mbalimbali kama mtu anayepaka rangi. Mchoraji kwa mchoraji walielewana. Mwangwi ule ulimpa Syd mikono miwili ya ziada: anapiga kitu, kinamrudia kimechelewa, anajibu kile kilichorudi.

---

Binti Pangani

Samahani mleta uzi, naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Nimeufungua huo wa albamu sasa hivi. Mwanzo nimeuelewa, ule mlio wa kushuka ni mtamu. Lakini baada ya hapo sikujua nisikilize nini. Hakuna mwimbaji wa kumfuata, gitaa linakwaruza, kinanda kinalia upande wake. Mimi nimelelewa na taarabu na dansi. Mtu kama mimi anashika wapi?

---

Besi_Nyuzi4

Dada yangu, swali hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri, na umeshika mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Umelelewa na dansi, basi unaijua chemko. Mwimbaji anamaliza beti zake kwa utulivu, kisha sauti zinakaa pembeni, magitaa yanachukua ukumbi. Kwenye santuri ndogo za zamani chemko ilikatwa, mara nyingine wimbo ukagawanywa upande A na upande B, kwa sababu sahani ilikuwa na nafasi ya dakika chache. Lakini ukumbini ilikwenda mpaka wachezaji walowe jasho. Aliyeijua bendi kwa santuri tu hakuijua bendi.

Hapa ni hivyo hivyo, ila Pink Floyd waliondoa beti zote wakabakisha ule mlio wa kufungulia mlango, halafu kila kilichobaki ni chemko. Tofauti kubwa ni kwamba chemko yetu ina mzunguko wa kodi unaokushika mkono, na wao wameuachia. Kwa hiyo usitafute mwimbaji. Shika besi ya Waters. Ifuate hiyo peke yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama unavyomfuata mtu mmoja kwenye msongamano wa soko. Ukishamzoea, wengine utawasikia wanavyokuja kwake na kuondoka.

Na usianze na albamu. Anza na kanda ninayoileta sasa.

Rekodi ya kwanza kabisa tuliyonayo ni ya tarehe 31 Oktoba 1966, kwenye studio ndogo ya Thompson iliyoko Hemel Hempstead, nje ya London. Bendi haikuwa na mkataba bado. Inakwenda kama dakika 15. Mtengeneza filamu Anthony Stern aliitumia kwenye filamu yake fupi ya *San Francisco* ya mwaka 1968, na kwa miaka mingi huko ndiko ilikosikika. Ilikuja kutolewa rasmi Aprili 2017 kwenye santuri ya inchi 12 yenye muziki upande mmoja tu. Ni mbichi, sauti zimebanana, na unawasikia wakijaribu mambo kisha wakiyaacha. Naipenda kama unavyopenda picha ya mtu mzima akiwa mtoto: uso ni uleule, ila haujatulia.

Sasa hii ya pili, hapa ndipo ningekuomba ukae na uzime simu.

Tarehe 11 na 12 Januari 1967 mtengeneza filamu Peter Whitehead, aliyemfahamu Syd tangu Cambridge, aliwaingiza studio ya Sound Techniques pale Chelsea. Jengo lile lilikuwa kiwanda cha maziwa zamani. Alitaka muziki wa filamu yake kuhusu London ya wakati ule, *Tonite Let's All Make Love in London*, na aliwapiga picha wakiwa wanarekodi. Joe Boyd alisimamia, John Wood akiwa kwenye mitambo. Syd alikuwa ametimiza miaka 21 siku tano tu kabla.

Karibu dakika 17. Bado hawajasaini na kampuni ya rekodi ya EMI, hakuna anayewaambia wafupishe. Mwendo ni wa kasi, kasi kuliko wa albamu, na ngoma za Mason zinakwenda mbele bila kusita. Nasema kama mpiga besi: kazi ya Waters hapa ni ya mtu anayeshika kamba wakati wenzake wameingia kisimani. Syd anakwaruza nyuzi, anazigonga, anazivuta kwa kile chuma, kisha ghafla anatoa vipande vya melodi vya sekunde mbili tatu na kuvitupa. Wright na kile kinanda chake cha Farfisa hajibu kila kitu. Anangoja. Akiingia, anga lote linabadilika rangi.

Siku hizo mbili walipata muda wa kubaki, wakapiga na kipande kingine kisichopangwa cha karibu dakika 12 kilichopewa jina la "Nick's Boogie". Filamu ilitumia vipande tu vya kazi yote ile. Rekodi nzima ya dakika 17 haikufika kwa wanunuzi wa kawaida mpaka miaka ya 1990. Fikirini: kizazi kizima cha wapenzi wa bendi hii kilikua kikiijua ile ya albamu pekee, na hii ilikuwepo, imefungiwa.

Msimamo wangu, na nitausimamia: ukitaka kujua UFO ilisikikaje usiku wa manane, kanda hii ya Januari 1967 ndiyo iliyo karibu zaidi.

---

Fundi Mitambo

Nakubaliana na mkuu kuhusu Januari, ila msiidharau EMI. Nimefanya kazi ya kurekodi muda mrefu na ile ya albamu inanisisimua kwa sababu za kifundi.

Walipoingia studio za EMI, Abbey Road, Februari 1967, mtayarishaji alikuwa Norman Smith. Huyu ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa rekodi za mwanzo za Beatles, na Beatles wenyewe walikuwa kwenye jengo hilohilo wakati ule wakirekodi *Sgt. Pepper*. Boyd aliwekwa kando ingawa ndiye aliyetayarisha "Arnold Layne", sahani yao ndogo ya kwanza, kwa sababu EMI walitaka mtu wao. Mashine zilikuwa za njia nne, yaani sauti nne za kurekodiwa kila moja kando. Njia nne tu, leo simu ya mtu mfukoni ina zaidi.

Andrew King, meneja mwenza wa Jenner, amesimulia kwamba waliupiga wimbo mzima, kisha wakaupiga mzima tena juu ya ule wa kwanza. Hawakuongeza gitaa moja la kunogesha. Bendi yote mara mbili. Sasa kwa wimbo wenye beti na kiitikio unaweza kufanya hivyo, kila kitu kitaangukia mahali pake. Kwa wimbo ambao katikati yake haujapangwa, umewaweka Mason wawili, Waters wawili, Syd wawili, na wale wa pili wanawasikia wa kwanza lakini wa kwanza hawawasikii wa pili. Ndiyo maana Binti Pangani kasikia gitaa linakwaruza na kinanda "kinalia upande wake". Sikio lake ni zima kabisa. Kweli kuna safari mbili pale, zimelazwa kitanda kimoja.

Kisha ile stirio. Dakika ya mwisho rifu inaporudi, sauti inazungushwa kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia na kurudi, na kurudi tena. Vaeni vipokea sauti vya masikioni, mtaelewa. Leo ni kubofya tu kwenye kompyuta. Wakati ule ni mkono wa mtu kwenye kitasa, na ukikosea unarudia.

---

Mzee wa Santuri

Marahaba kijana. Fundi kasema vema na mimi niongeze la mono.

Kwenye mono huo mzunguko wa mwisho haupo, maana spika ni moja, utauzungushia wapi? Lakini sikilizeni zile sekunde 50 za kwanza. Kwenye mono kinanda na milio mingine ya pembeni vipo wazi tangu rifu inapoanza. Kwenye stirio havisikiki. Mimi nilisikia mono kwanza, nilipokuja kupata stirio nikadhani nimeuziwa sahani nyingine.

Na kuna ya Ufaransa. Mwaka 1967 huko walitoa sahani ndogo yenye "Arnold Layne" na "Candy and a Currant Bun", na ndani yake wakaweka "Interstellar Overdrive" ya dakika 5 tu hivi. Hiyo mimi siipendi. Inakupeleka mpaka kizingitini halafu inakurudisha nyumbani.

---

Besi_Nyuzi4

Asanteni wote wawili, mmenipunguzia kazi.

Niseme kwa haki basi. Niliposema albamu inapotosha sikuwa na maana kwamba ni mbaya. Ni kazi ya studio, imejengwa kwa mashine, na hakuna jukwaa duniani ambalo lingeweza kuipiga ile, kwa sababu ingehitaji bendi mbili. Pia mwendo umepungua, rifu ni nzito zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi kwa viatu vya chuma. Na mahali ilipowekwa ni pa ujasiri. Inafungua upande wa pili, na mara inapoisha unaingia "The Gnome", wimbo mfupi kama hadithi ya watoto. Kutoka pori lile mpaka kibarazani kwa bibi, bila hata kuvuta pumzi. Syd alikuwa na vyote viwili kichwani kwa wakati mmoja, na Norman Smith, ambaye hakuwa mtu wa mambo ya UFO hata kidogo, alimpa nafasi ya kuviweka vyote. Hilo namshukuru.

Sasa tuingie sehemu inayoniuma.

Baada ya "See Emily Play" kupanda chati kiangazi cha 1967, bendi ilizungushwa mikoani Uingereza, kwenye kumbi za dansi ambako watu walilipa kusikia wimbo wa redio. Wakapewa hiki. Mason ameandika jinsi walivyopokelewa vibaya huko, mpaka vinywaji kurushwa jukwaani. Chombo kilichotengenezwa kwa usiku wa UFO kiligeuka mzigo saa tatu za usiku mbele ya watu wasiokuwa na habari nacho. Na Syd mwenyewe alikuwa anaanza kuondoka akilini, kidogo kidogo, angali amesimama pale pale.

Kuna kanda ya Stockholm, Gyllene Cirkeln, 10 Septemba 1967. Imo kwenye lile sanduku kubwa la *The Early Years*, mkusanyo wa rekodi zao za mwanzo, lililotoka Novemba 2016. Sauti za kuimba karibu hazisikiki kwenye onyesho lote lile, lakini kwa wimbo wetu hilo si tatizo. Kwangu ni ushahidi wa mwisho mzuri wa Syd akiupiga wimbo huu jukwaani. Kuna nguvu, kuna ukali, na kuna vipindi ambapo wenzake wanamzunguka wakimngojea. Zamani kungoja kule kulikuwa sehemu ya mchezo. Hapa nasikia wasiwasi ndani yake. Huenda ni kwa sababu najua kilichofuata.

Januari 1968 David Gilmour, mpiga gitaa, akaingia, na Aprili ikatangazwa kwamba Syd hayumo tena.

---

Kisumu Ndogo

Boss, hapa nitakupinga kidogo na uniwie radhi. Kila mtu akifika kwa Syd anaanza kulia, halafu Gilmour anaonekana kama mgeni aliyekalia kiti cha marehemu. Mimi nimeona ile video ya Rome, Mei 1968. Huyo jamaa ana miezi michache tu kwenye bendi, na anaupiga huo wimbo vizuri. Ana toni, ana mpangilio. Wimbo ukikosa mwenyewe, si afadhali apatikane wa kuulea?

---

Besi_Nyuzi4

Ndugu yangu, hujanikosea hata kidogo, na neno "kuulea" nimelipenda. Ngoja nilifanyie kazi.

Rome ni tarehe 6 Mei 1968, Palazzo dello Sport. Nimeitazama mara nyingi. Ni kweli Gilmour anaupiga vizuri, na hicho ndicho kilichobadilika. Gilmour ni mpigaji wa sentensi. Anaanza, anaendelea, anaweka nukta. Syd hakuwa na sentensi, alikuwa na madoa ya rangi. Ukimpa Gilmour uwanda mtupu, ndani ya dakika mbili ameshachora njia, na bendi inaifuata njia hiyo. Anayetaka njia atafurahi. Mimi nilipenda kupotea.

Sikiliza ile ya BBC ya Desemba 1968, iliyorekodiwa kwa ajili ya kipindi cha redio cha *Top Gear*. Karibu dakika 10. Hapo unasikia wimbo umepata umbo: mwanzo mkali, katikati panapoa mpaka karibu na kimya, kisha panapanda taratibu. Wright ndiye anayefaidi zaidi. Bila fujo ya Syd kumfunika, kinanda chake kinakaa mbele na kinapumua. Ukiwa na sikio la baadaye utasikia mbegu za kazi zao ndefu za miaka ya 1970 zinaota hapo hapo. Kwa hiyo ndiyo, walimlea mtoto, na aliwafundisha kulea wengine.

Ila angalia kinachotokea baada ya hapo. Paradiso, Amsterdam, 9 Agosti 1969: maikrofoni ziligoma, ikabidi onyesho zima lipigwe bila kuimba, na "Interstellar Overdrive" imechukua dakika 4 na kidogo tu. Usiku ambao hakuna kuimba kabisa, wimbo usiohitaji kuimba ndio mfupi kuliko wote. "Set the Controls for the Heart of the Sun", "Careful with That Axe, Eugene" na "A Saucerful of Secrets" zimepewa kati ya dakika 10 na 13. Hapo nilielewa kwamba moyo wao ulikuwa umehama. Safari waliyokuwa wakiifanya kwa wimbo huu walikuwa wamejifunza kuifanya kwa nyimbo walizozitunga wenyewe bila Syd, zenye ramani.

---

Fundi Mitambo

Na Zappa? Usipite bila kumtaja Zappa.

---

Besi_Nyuzi4

Sipiti, mkuu.

Oktoba 1969 kulikuwa na tamasha lililotakiwa kufanyika Paris. Serikali ya Ufaransa ikakataa, wakalihamishia ng'ambo ya mpaka, kijiji cha Amougies, Ubelgiji. Kwenye hema, baridi, matope. Frank Zappa, mpiga gitaa Mmarekani, alikuwepo kama mshereheshaji na mgeni wa kupiga na bendi mbalimbali. Tarehe 25 alipanda na Pink Floyd, na wimbo waliomkaribishia ulikuwa huu.

Kwa nini huu? Kwa sababu ndio uliokuwa na mlango wazi. Huwezi kumwita mgeni kwenye "A Saucerful of Secrets", ina sehemu nne na kila moja ina kazi yake. Lakini hapa unamwambia: rifu ndiyo hii, inatua kwenye E, baada ya hapo karibu. Gitaa la Zappa ni kavu na lina hoja, linabishana. Gilmour anamwachia nafasi kwa adabu, na Waters na Mason wanarudi kuwa wale wa Januari 1967, watu wa kushika kamba. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa sijawasikia wakipiga hivyo kwenye kanda yoyote. Ilihitaji mtu wa nje, mwenye lugha ambayo hawakuizoea, ili wimbo uache kujua unakokwenda. Rekodi hiyo nayo imo kwenye sanduku la 2016.

Mwaka 1970 wakaanza kuuacha, na haukurudi tena. "Atom Heart Mother" ilikuja mwaka huohuo ikajaza upande mzima wa sahani, 1971 ikaja "Echoes" ya zaidi ya dakika 23. Ukumbi haukuwa na pengo la kujazwa.

---

Binti Pangani

Nimerudi. Nimefanya ulivyoniambia, nimezima simu ya kazini, nimeweka ile ya Januari, nimeshika besi.

Ni kweli. Mara ya kwanza nilimpoteza kama mara tatu. Mara ya pili nikakaa naye mpaka mwisho. Lakini aliyenishangaza si besi wala gitaa, ni huyo wa kinanda. Umesema anangoja, na kweli anangoja. Kwetu kwenye taarabu kuna mpigaji wa hivyo, huwezi kumtaja jina kwa sababu hujamtazama, ila akikosekana wimbo wote unakuwa mwembamba. Nimeurudia kwa ajili yake peke yake.

Swali la mwisho: kuna aliyebaki anayeupiga?

---

Besi_Nyuzi4

Dada, Wright alifariki Septemba 2008. Syd alitangulia, Julai 2006. Ningependa wangesoma ulichoandika.

Aliyebaki anayeupiga ni Mason, mpiga ngoma, ambaye ndiye pekee aliyekuwepo kwenye kila albamu ya Pink Floyd. Mwaka 2018 aliunda bendi inayoitwa Nick Mason's Saucerful of Secrets, kwa ajili ya kupiga nyimbo za miaka ya mwanzo peke yake. Magitaa yako kwa Gary Kemp na Lee Harris, besi kwa Guy Pratt, vinanda kwa Dom Beken. Na wimbo waliouchagua kufungulia maonyesho yao ya mwanzo ulikuwa huu.

Mei 2019 waliupiga Roundhouse, London, na albamu yake ikatoka Septemba 2020. Roundhouse ni banda la zamani la vichwa vya treni. Pink Floyd walipiga humo tarehe 15 Oktoba 1966, kwenye sherehe ya kuzindua gazeti la *International Times*, wiki mbili kabla ya ile kanda ya Hemel Hempstead. Mason alikuwa na miaka 22 wakati ule. Mei 2019 alikuwa na 75.

Hii ya 2019 ni fupi na safi, kila mtu anajua wenzake wako wapi. Hakuna anayepotea. Lakini sikiliza mwanzo kabisa, rifu inaposhuka ngazi na kutua, na ngoma zinapoingia chini yake. Mkono ni uleule. Mimi huanza na hapo siku hizi, halafu nakwenda moja kwa moja kwenye ile ya Chelsea ya Januari 1967, nikiwa nimeshamsikia mzee, nikamsikie kijana.

Mzee wa Santuri, hiyo mono, ukipata nafasi, utuandikie sekunde kwa sekunde zile 50 za mwanzo. Nataka kujua kinanda kinaingia kabla ya besi au baada.